Wale Walioitwa Radegonde

Tangu Jumatatu asubuhi Albertine alikuwa hatulii mahali. Aliinua pazia la sebuleni, akalishusha. Aliosha vikombe visivyo na uchafu. Alitoka uani kwake, pale mtaa wa Bel-Air, akatazama lango kama mtu anayengoja mgeni, kumbe hakuna mgeni aliyeahidi kuja. Binti yake Gaëlle, aliyekuwa amekuja kulelewa kwa mama yake baada ya kujifungua, alimwuliza mara mbili ana nini. Mara mbili akajibiwa kwamba hana kitu. Mara ya tatu hakuuliza, maana alimjua mama yake: mwalimu wa historia kwa miaka thelathini na minne, mjane wa fundi mkuu wa reli, mwanamke ambaye hakupata kuvuka kizingiti bila kufunga kitambaa chake sawasawa. Akisema hana kitu, basi kitu kipo, tena kikubwa.

Kitu chenyewe kilikuwa karatasi moja ndani ya mkoba wake, na karatasi hiyo aliitafuta mwenyewe.

Mambo yalianza majuma matatu nyuma, siku familia mbili zilipokutana kuzungumza jina la mtoto. Gaëlle alikuwa amezaa binti. Mumewe, Désiré, ni wa ukoo uliotoka Kasai, waliofika Lubumbashi tangu enzi ya babu zao, watu wa biashara na wa shule. Mama yake, Myriam, ana duka la vitenge mjini, na maneno yake hukatwa kama anavyokata kitambaa, mara moja na bila kurudia. Gaëlle alitaka mtoto aitwe Sephora, kwa sababu ni jina zuri kulitamka. Albertine akasema jina zuri kulitamka ni la kasuku. Jina la mtu lazima liwe na mwenyewe. Akasimama, kama alivyokuwa akisimama mbele ya darasa, akapendekeza Radegonde, jina la marehemu mama yake.

Akawasimulia. Jina hilo, alisema, lina miaka elfu moja na mia tano. Lilizaliwa katika nchi ya Thuringia, ambayo leo imo ndani ya Ujerumani, kwa watu waliokuwa wakiunda majina kwa kuunganisha maneno mawili kama fundi aunganishavyo mbao mbili. “Rad” ni shauri, “gund” ni vita. Binti wa mfalme wa nchi hiyo aliitwa hivyo. Aliolewa na Clotaire, mfalme wa Wafaranki, na mumewe alipomuua ndugu yake, Radegonde aliacha kiti cha malkia akaenda zake. Akajenga nyumba ya watawa kule Poitiers, akawaosha wagonjwa kwa mikono yake mwenyewe, akafa tarehe kumi na tatu Agosti mwaka 587. Baada yake wakulima wa nchi zile wakawaita binti zao jina lake, karne hadi karne, mpaka wamisionari wakalibeba ndani ya kalenda zao wakalishusha Katanga. Mtoto akizaliwa, padri alifungua kalenda. Anayezaliwa siku ya mtakatifu fulani, anabeba jina la mtakatifu yule.

Watu walisikiliza vizuri. Myriam alikuwa wa kwanza kujibu.

“Mukwe, ile malkia ya Ulaya tumemusikia. Sasa mwenye jina wa hapa kwetu? Kwetu sisi hatuvalishe mutoto jina ya muntu tusiyemujua. Ukilitoa kwa mwizi, mutoto ataiba.”

Neno lile, mwizi, lilisemwa kwa mfano tu, lakini lilimchoma Albertine. Akamjibu kwamba mama yake alibatizwa katika parokia ya zamani ya kambi ya reli, Agosti mwaka 1943. Kwamba alifundisha kushona kwa miaka thelathini na hakuwahi kurudi nyumbani na sindano isiyo yake. Kwamba yeye mwenyewe Albertine, akiwa na miaka tisa, alirudishwa shuleni chini ya mvua ili akarejeshe kalamu ya mwenzake. Hapo angenyamaza ingetosha. Lakini ulimi ukamponza. Akaongeza kwamba ataleta cheti cha ubatizo, wakisome wote, Jumamosi ya mkesha wa ubatizo wa mtoto. Hakuna aliyekuwa amemwomba cheti.

Ndiyo sababu Jumatatu hiyo alikwenda ofisini kwa parokia. Karani, bwana mmoja mpole aitwaye Ariel, alitoa kitabu kikubwa chenye jalada lililoliwa na mende, akafunua polepole mpaka akafika Agosti 1943. Jina lilikuwapo. Radegonde, binti wa Léonard, mtia mafuta wa gari moshi, na wa mkewe wa ndoa. Albertine alihisi kifua kikipanuka. Kisha Ariel akasogeza miwani, akaweka kidole pembeni mwa ukurasa.

“Mama, iko na maneno ya Kilatini hapa. Niandike nayo?”

Albertine, ambaye kwa miaka thelathini na minne aliwakata alama wanafunzi walioruka maneno, alimjibu kabla ya kusoma: “Andika kila kilichopo.”

Ndipo akainama, akasoma. Mwandiko wa padri ulikuwa mwembamba na safi. Ulisema kwamba Radegonde binti wa Léonard alifariki tarehe pili Machi 1950, akazikwa kesho yake.

Mama yake Albertine alifariki mwaka 2014. Albertine mwenyewe aliuosha mwili.

Kuanzia hapo ndipo mapazia yalipoanza kuinuliwa na kushushwa. Mchana kutwa akili yake ilikwenda na kurudi njia moja ile ile, na kila mara ilifika kwenye jambo alilokuwa akilifundisha darasani. Alikuwa akiwaeleza wanafunzi maisha ya kambi za wafanyakazi wakati wa Wabelgiji: kila mtoto aliyeandikwa alikuwa na kadi, na kwa kadi hiyo familia ilipewa unga na nafasi shuleni. Basi kulikuwa na watu, aliwaambia, ambao mtoto akifa hawakusema. Walimweka mtoto mwingine mahali pake, mpwa au jirani, kadi ikaendelea kula unga. Wanafunzi walicheka. Na yeye alicheka nao, akamaliza kwa kusema kwamba aibu nayo hufundishwa nyumbani.

Sasa sentensi hiyo ilimrudia jikoni, ikamrudia bafuni, ikamrudia alipokuwa akimvalisha mjukuu soksi.

Jambo lingine pia lilimrudia. Serikali ilipokataza majina ya kizungu, mwaka 1972, na kila mtu akatakiwa kuchukua jina la mababu, Albertine alikuwa mtoto wa miaka tisa. Watu walifanya vikao, wazee wakashauriana, wengine walibishana siku nyingi. Mama yake hakufanya kikao. Alikwenda ofisi ya komini asubuhi peke yake, akarudi na kitambulisho kilichoandikwa Nkandu. Baba alikasirika, akauliza Nkandu ni nani katika ukoo wao na ni mzee gani aliyemruhusu. Mama alijibu kwamba ni jina zuri, akaendelea kukata viazi. Na majina ya kikristo yaliporuhusiwa tena, hakuharakisha kubadilisha kadi.

Siku ya Jumatano Albertine alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana wake: alidanganya. Alimwambia mkwe wake Désiré kwamba ana rafiki mgonjwa Kasomeno, na kwa kuwa lori la Désiré lilikuwa likienda huko kupakia mahindi, aliomba nafasi mbele kwa dereva. Désiré hakuuliza rafiki ni nani. Alimpelekea mto wa kukalia. Wema huo ulimkera Albertine kuliko kama angekataliwa.

Rafiki hakuwa mgonjwa, wala hakuwa rafiki yake. Alikuwa mama Lombe, mzee wa miaka themanini na kitu, aliyekulia mlango kwa mlango na mama yake katika kambi ya reli kabla ya kuolewa upande wa barabara ya Kasenga. Albertine alimkuta mbele ya nyumba yake, beseni mapajani, akichagua vinkubala, wale viwavi waliokaushwa, wazima upande huu na waliovunjika upande ule.

“We ni mutoto ya Radegonde,” mzee alisema kabla hata ya salamu. “Unatembea sawa ye tu. Kichwa juu, sawa mwenye kubeba maji.”

Albertine alisalimia kama inavyopasa, kwa magoti, akatoa sukari na sabuni alizoleta. Aliulizwa habari za mjini, akajibu. Aliulizwa juu ya watoto, akajibu. Alipewa kigoda, akakaa, akasimama tena. Mwishowe akasema kilichomleta.

“Mama Lombe, mama yangu alikuwa nani?”

“Mama yako alikuwa mama yako. Ulipanda lori tangu Lubumbashi juu ya kuuliza vile?”

Albertine akatoa karatasi, akamsomea na kumtafsiria. Mzee aliendelea kuchagua. Hakushtuka hata kidogo, na utulivu ule ulimfanya Albertine atamani kumnyang'anya beseni.

“Yee,” alisema Lombe. “Ile ni Radegonde wa kwanza. Alikufaka na surua. Mi na ye tulikuwa rika moja, tulilala mu chumba kimoja na homa, mi nikaamuka.”

Kisha akasimulia, bila haraka, akirudi nyuma kila aliposahau kitu. Mtoto alipozikwa, mama yake alikataa chakula. Majirani walimpelekea uji, akautazama tu. Léonard akatuma habari Mitwaba, kwa ukoo wake. Huko kulikuwa na binti wa marehemu kaka yake, yatima, umri ule ule wa marehemu. Jina lake Nkandu. Wazee wakampandisha lori la mizigo, wakaja naye siku tatu barabarani. Walipofika walimnyoa, wakamwosha, wakamvalisha gauni la marehemu, wakamketisha juu ya mkeka katikati ya watu. Wakampa maji katika kikombe cha marehemu. Akanywa. Mzee wa ukoo akamwambia mbele ya kambi nzima kwamba tangu sasa yeye ni Radegonde, na huyu ni mama yake, na yule ni baba yake. Ile ndiyo kupyana: aliyekufa anapata mrithi wa nafasi yake, na jina haliendi kaburini. Mke wa Léonard akamvuta mtoto mapajani, na siku hiyo akala.

“Na kadi?” Albertine aliuliza. “Kadi ya unga?”

“Karani wa kampuni alikuya mwezi ule. Akasema, Léonard, nilisikia umepoteza mutoto, leta kadi nimufute. Léonard akasema, Radegonde njo huyu hapa, anakula. Na mutoto alikuwa anakula kweli, mashavu yamejaa.”

“Kwa hiyo alidanganya.”

“Nani, Léonard? Ye hakujuaka kudanganya. Njo maana alizeeka na kikopo ya mafuta mu mukono, benzake banapanda cheo.” Mzee alicheka kwa meno yake matatu, kisha akamtazama Albertine usoni kwa mara ya kwanza. “We ulisoma mingi, lakini hausikie. Hakuficha mufu. Mufu alikuwa amerudi. Kambi yote ilijua, mpaka wapishi ya wazungu. Ni karani tu na padri hawakujua kuuliza.”

Albertine alizunguka kigoda chake mara mbili. Swali la mwisho alikuwa nalo tangu Jumatatu, na aliogopa jibu lake kuliko kadi, kuliko unga, kuliko Myriam.

“Na ubatizo, mama? Nani alimbatiza?”

Lombe aliacha kuchagua.

“Radegonde alikuwa amekwisha kubatizwa. Muntu banamubatiza mara ngapi?”

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke aliyekuwa akiamka saa kumi na moja kwenda misa, aliyeolewa mbele ya altare, aliyewatwanga wanawe katekisimu kwa ufito, aliyezikwa na mapadri wawili, hakuwahi kumwagiwa maji. Albertine alifunika mdomo kwa mkono. Mzee akamwambia jambo moja zaidi, kwa sauti ya chini kidogo.

“Lile jina ya Nkandu, hakulisemaka tena. Mpaka ile mwaka ya majina ya mababu. Alikuya kwangu na kile kitambulisho, nilikuwa nimekuya Lubumbashi kwa mukubwa yangu. Akanionyesha. Akaniambia, Lombe, uniite. Nikamuita, Nkandu. Akaitika. Nikamuita tena. Akaitika. Tulimaliza mangaribi yote vile vile, mi namuita, ye anaitika.”

Njiani kurudi, Albertine alikuwa ameshika mlango wa lori kwa mkono mmoja na mkoba kwa mwingine. Aliwaza juu ya watu wale wa kale aliosimulia habari zao kikaoni kwa kiburi. Mfalme Clovis aliwaita wanawe Clodomir na Clotaire, na kipande cha mbele cha majina hayo, chenye maana ya sifa, kilikuwa kipande cha jina la baba mwenyewe. Waligawana vipande vya majina ndani ya ukoo, na baadaye wakawa wanamrudishia mtoto jina zima la ndugu aliyekufa, ili nyumba isipungukiwe. Yote hayo aliyajua. Aliyaandika ubaoni kwa chaki. Hakuna siku hata moja aliyofikiri kwamba Mitwaba wanajua jambo hilo hilo.

Lakini kujua hakukumtuliza. Myriam angeelewa kupyana, au asingeelewa. Cheti kilikuwa kinasema kifo, na yeye aliahidi cheti. Akiwa njiani alipanga sentensi kumi za kueleza, akazivunja zote.

Ijumaa alikwenda dukani kwa Myriam, peke yake, mapema kabla ya wateja. Hakukalia kiti alichopewa. Aliweka karatasi juu ya meza ya kukatia, akaeleza kila kitu kwa mpango, kama anayetoa somo. Myriam alisikiliza akiwa ameshika mkasi. Albertine alipomaliza, Myriam alikunja karatasi mara nne, akairudisha upande wa Albertine.

“Mukwe, mi si mutoto. Nikuambie kitu kama mwanamuke kwa mwanamuke. Hii karatasi uipasue. Mutoto aitwe Sephora sawa vile mama yake alitaka. Hakuna atakayeuliza cheti ya muntu asiyepewa jina yake. We unabaki na heshima yako, na mi nanyamaza. Naapa.”

Na alikuwa akisema kweli. Albertine alimwona usoni kwamba angenyamaza mpaka kaburini. Ilikuwa ni zawadi, na kubwa. Kwa miaka yote aliyokuwa mjane, alichokilinda kilikuwa hicho: kwamba wanapopita, watu waseme hawa ni watu. Sasa angeweza kukilinda kwa kunyamaza tu. Jina la mama yake lingezimika pamoja na kizazi chake, na sifa ya nyumba ingebaki nyeupe.

“Na nikilisema?” aliuliza.

“Ukilisema, utalisema ukisimama, mbele ya bale bale, na mudomo ule ule. Si miye wa kukusemea.” Kisha Myriam akatabasamu kidogo. “Mficha uchi hazai, mwalimu. Lakini si kila siku muntu anataka kuzaa.”

Albertine alitembea toka mjini mpaka nusu ya njia ya Bel-Air kabla ya kukumbuka kwamba kuna usafiri. Alikwenda akisema na nafsi yake, mpaka muuza kadi za simu mmoja akamgeukia. Nyumbani alifanya kitu kimoja tu cha busara: alimpigia simu mdogo wake, Ephraïm, mtoto wa mwisho wa mama yao, akamweleza. Ephraïm akamkataza. Alisema mama amelala, aachwe alale. Alisema yeye ana watoto wa kuoa na kuolewa, na kwamba mtu anayechimba kaburi la mama yake hana pa kujificha mvua ikija.

Jumamosi watu walijaa sebuleni kwa Albertine. Upande wa Désiré walikuja kumi na mmoja, upande wa Albertine saba, na Ephraïm alikaa karibu na mlango, mikono kifuani. Soda zikagawiwa. Gaëlle alikuwa na mtoto begani. Mzee mmoja wa ukoo wa Désiré alikohoa, akasema kwamba kilichobaki ni cheti kilichoahidiwa, kisha waende kwenye chakula, kwa maana harufu ya kuku inawapa taabu.

Albertine alisimama. Alimtazama Myriam, Myriam alikuwa akitazama chupa yake ya soda.

“Kikao kilichopita niliwaambia mambo mawili yasiyo kweli,” alisema, “na nilikuwa sijui. Mama yangu hakubatizwa. Na Radegonde aliyebatizwa alikufa akiwa na miaka sita.”

Alisoma cheti chote, pamoja na Kilatini, kisha tafsiri yake. Akaeleza Mitwaba, lori, mkeka, kikombe. Akaeleza karani wa kampuni na jibu la Léonard, na hapo wazee wawili wa upande wa Kasai walicheka kwa sauti, cheko la watu waliosikia jambo la nyumbani kwao. Akawaambia pia kwamba mengine ya malkia aliyaruka, kwa sababu hayakupendeza kwenye sherehe: Radegonde yule naye alikuwa mtoto mdogo Wafaranki walipoivunja nyumba yao, akachukuliwa mateka, akakuzwa katika nyumba ya watu wengine. Tofauti ni kwamba yeye aliondoka na jina lake. Mama yangu, alisema, aliacha la kwake Mitwaba akapewa la marehemu, akalibeba miaka sitini na minne, na hakuna siku aliyolichafua. Sasa mnamjua. Mkilitaka, ni hilo. Msipolitaka, sitakuwa na neno.

Mtu mmoja upande wa Désiré, mjomba mwenye suti, aliuliza kama ina maana bibi huyo alikula sakramenti maisha yake yote bila ruhusa. Ephraïm aliinuka. Alisema kwa dada yake mkubwa peke yake, ingawa wote walisikia: “Yaya, umetuvua nguo.” Akatoka, na lango likasikika likijibamiza.

Albertine alibaki amesimama. Alitaka kumfuata, alitaka kukaa, na hakufanya lolote kati ya hayo. Ndipo Myriam akaweka chupa chini.

“Niliuliza mwenye jina ni muntu wa namna gani,” alisema kwa watu wake. “Nimejibiwa. Kama kuna mwenye anajua mengine ya kuuliza, aulize sasa, kuku inapoa.”

Macho yote yakamwendea Gaëlle, kwa kuwa mtoto ni wake na wa Désiré, na ndiye aliyetaka Sephora. Gaëlle alimshusha mtoto begani, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kama anayempima nguo.

“Basi huyu atakuwa wa tatu,” alisema.

Désiré akaitikia kwa kichwa. Watu wakainuka kwa kelele, wakaenda kwenye kuku.

Kesho yake parokia ilikuwa na watoto tisa wa kubatizwa, na kila familia ilijipanga kwenye mabenchi ya mbele. Albertine alikuwa amemwachia Ephraïm nafasi kando yake, akaweka mkoba juu yake ili asikae mtu. Misa nzima aligeuka nyuma, mara hii, mara ile, mpaka Gaëlle akamgusa goti. Mlango ulikuwa wazi, wageni waliochelewa wakiingia mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa na mabega ya mdogo wake.

Padri alifika kwao, familia ya saba. Aliuliza mmempa mtoto huyu jina gani. Désiré na Gaëlle wakajibu pamoja. Padri aliinua kikombe kidogo, akamwaga mara tatu, na maji yakateremka juu ya nywele laini za mtoto yakimfuata hadi sikioni. Mtoto alipiga ukelele wa hasira, miguu ikirusha shuka. Katika damu ya Nkandu wa Mitwaba, hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza jina lile na maji kushuka pamoja juu ya kichwa kimoja. Kwa kitambo hicho Albertine alisahau kutazama mlango.